Marahaba Niliyompa Mwizi

Somo yangu Zainabu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukila mihogo ya watu wawili, na sasa hivi uko kwa Mama Shaibu unasukwa, kicheko chako nakisikia hadi hapa barazani. Mtu anayeondoka kesho alfajiri hacheki hivyo. Lakini wewe tangu utotoni hukuwahi kuhuzunika kwa wakati wake, kila kitu unafanya kwa ratiba yako. Haya, cheka. Mimi nimechana karatasi katikati ya daftari lako la hesabu, kalamu ninayo, na jua bado lipo. Sitaki kungoja giza, ile taa ya sola inanidharau.

Usiucheke mwandiko. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la korosho, mama yako nikiwa nimembeba mgongoni. Kila nikiandika "a" ananivuta kilemba, ndiyo maana "a" zangu mpaka leo zimeinama. Wanaosema sikusoma waje wasome hii.

Sitakuandikia habari za neti, wala sabuni, wala kulala mapema. Hayo nimeyasema mpaka umeziba masikio. Nataka kuandika habari ya ile shikamoo. Unaijua. Uliicheka wewe, akaicheka Athumani, likaicheka duka zima. Mimi peke yangu sikucheka, na toka siku ile ukiligusa jambo hilo nakwambia kalete kuni. Sasa nitalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana sitaki ulichukue mpaka Dodoma ukawape wenzako bwenini kama kichekesho kitupu. Kama ni kuwachekesha, wachekeshe na lote, mpaka mwisho wake.

Chanzo ni jina. Ulipozaliwa, babu yako alisema mtoto huyu apewe jina la bibi yake, na mimi nilijifanya sitaki huku moyo umejaa. Basi tukawa Zainabu wawili nyumba moja. Lakini wewe ndiye uliyelichukua, somo. Mtu akimaliza kuzaa haitwi tena jina lake. Mimi ni Mama Fatu, kisha nikawa Bibi, na wale wasio na adabu kule kisimani wananiita Kikongwe wakidhani sisikii. Aliyebaki akiniita Zainabu alikuwa babu yako, tena kwa sauti ya chini, akitaka chumvi. Alipozikwa, jina likazikwa naye. Likiitwa uani najua anaitwa mtoto.

Halafu Athumani wa steshenari akakufungulia ile anwani ya barua pepe kwa ajili ya kuombea chuo, akaandika Zainabu mbele kabisa. Wewe uliona anwani. Mimi niliona jina langu limefufuka.

Ulikuwa umekaa pale pale ninapokaa sasa, mimi nachambua korosho, nzima huku, mbovu kule, ukapasuka kucheka.

"Bibi, sikiliza hii!"

Ukanisomea. Shikamoo mpendwa Zainabu. Mimi ni mjane ninayelala juu ya kitanda cha ugonjwa, mume wangu marehemu alikuwa mtu mkubwa wa mafuta, na moyo wangu umekuchagua wewe kwa uzuri wa moyo wako. Kiswahili chenyewe kimepinda kama mguu wa kiti kibovu, lakini shikamoo ilikuwa imenyooka.

Nikakuuliza, "Mjane wa wapi huyo?"

"Hakuna mjane, Bibi. Hiyo ni spamu."

"Sipamu ndiye nani? Ndiye mume aliyekufa?"

Ukaanguka kwenye mkeka. Uliposhika pumzi ukasema, "Ni takataka, Bibi. Barua takataka. Zinatumwa kwa watu maelfu hata hawawajui."

"Mtu amekuamkia, wewe unamwita takataka?"

"Bibi, anaamkia watu maelfu!"

"Basi na wamwitikie maelfu. Mkono wa shikamoo hauachwi hewani."

Ukaitia simu mfukoni ukaenda kuchanja kuni. Mimi nikabaki na korosho zangu, na yule mjane akabaki kichwani.

Kesho yake ukaenda mashineni kusaga, simu umeiacha dirishani inachajiwa. Unadhani sijui unavyoifungua. Unachora zedi kwa kidole. Hiyo zedi nilianza kuiandika mimi kabla mama yako hajatembea. Nikaichora, ikafunguka kama mlango wangu mwenyewe, nikamtafuta mjane nikampata. Nikaandika, herufi moja moja, kidole kimoja:

"Marahaba mwenzangu. Pole na msiba. Mimi pia mjane. Je, arobaini mmeshaisoma? Hapo kitandani nani anakupikia uji? Ni mimi Zainabu wa Mkunya."

Nikabonyeza kile kimshale. Nakwambia kweli, siku ile nilijisikia mtu. Kuna mwanamke mbali huko ameniita jina langu, nami nimemwitikia.

Majibu yalikuja kabla unga haujarudi. Asante mpendwa Zainabu, sasa tuma haraka jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Nikasoma mara mbili. Nimemuuliza uji, ananiuliza kitambulisho! Nimewauguza wagonjwa wengi maishani mwangu, nimemuuguza babu yako mpaka mwisho, na sijaona mgonjwa anayeulizwa habari ya uji akajibu kwa haraka namna ile. Mgonjwa ukimuuliza uji anakwambia una chumvi nyingi. Nikaiweka simu dirishani kama ilivyokuwa, waya wake vile vile, nikaenda kufagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiliwa.

Sikukwambia. Hilo ndilo naliandika hapa. Shikamoo sijutii, nitaitikia mpaka kaburini. Najutia ule ufagio.

Maana haikupita wiki simu yako ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea. Umeshinda bahati nasibu. Dawa ya nywele. Dawa ya nguvu za kiume, wewe binti! Akaunti yako ya benki imefungwa, benki ambayo hujawahi hata kuukanyaga mlango wake. Mpendwa, mpendwa, mpendwa. Ukaja na simu mkononi, uso umekunjamana.

"Bibi, sijui simu hii imepatwa na nini."

Nikamenya korosho. Nikasema, "Labda imelogwa."

Mungu anisamehe.

Ukazima mlio, ukaacha kabisa kufungua barua. Nani angekulaumu? Ukipita kwenye nyumba kila siku wanakutupia maji machafu, unabadili njia. Na hapo ndipo jambo lilipoanza kuuma, kwa sababu katika kelele zile ulikuwa unangojea sauti moja. Tukasikia Mwanahamisi wa Mnyambe, aliyeomba chuo kile kile na wewe, ameshapata jibu na mama yake anashona sare. Wewe kimya. Kila mtu kisimani ana swali, na maswali ya watu wa kisimani unayajua. "Vipi muuguzi wetu, bado?" Wiki ya kwanza ukajibu bado. Ya pili ukawa unachota maji adhuhuri, jua kali, ili usikute mtu.

Siku moja ukaniambia, bila kuniangalia, "Sikuchaguliwa, Bibi. Nitaazima bomba la dawa nikapulizie mikorosho ya watu."

Kupulizia mikorosho si aibu. Mama yako alisoma kwa salfa, dawa hiyo hiyo ya mikorosho, iliyonikausha kifua changu. Lakini nilikuwepo Shaibu alipozaliwa hapa hapa barazani kwangu, gari la kwenda hospitali halijafika, wanawake wazima wanakimbia huku na huku wakigongana, na wewe, mtoto wa darasa la sita, umemshika mama yake mkono unamwambia, "Pumua na mimi." Nilikuona. Siku ile nikasema moyoni, huyu ana kazi yake duniani. Sasa kazi hiyo inataka kuzama kwenye takataka, na mlango wa takataka nimefungua mimi na kidole changu kimoja. Usiku huo sikula. Ulidhani ni jino.

Asubuhi nikakwambia, "Vaa. Twende Newala kwa Athumani."

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kuagua simu."

Unakumbuka tulivyopokelewa. Athumani yule ni Mmakua wa Masasi, mtani wetu, na mtani hana huruma. Tumesimama tu mlangoni:

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mmakua. Hujafa tu?"

"Nangoja utangulie wewe, nije nile ubwabwa."

"Utakula sufuria. Mwangalie mtoto simu yake."

Akaifungua anwani kwenye kompyuta yake kubwa, akapiga mluzi. "Hili si sanduku la barua, hili ni jalala la soko. Zainabu, uliwajibu hawa watu?"

"Sijawahi hata mara moja."

"Kuna mtu kajibu. Hawa wanapiga hodi nyumba zote, hawajui ipi ina watu. Ukiitikia mara moja tu, wanajua humu mna mtu, halafu wanaambizana wao kwa wao. Ngoja nitazame barua zilizotoka."

Nikasema tumechelewa, turudi. Akaipata. Na yule mwanaharamu, badala ya kusoma kimoyomoyo, akasimama akaisoma kwa sauti kama katibu wa mkutano wa kijiji. Marahaba mwenzangu! Pole na msiba! Alipofika kwenye uji, watu waliokuwa wanangojea picha za pasipoti walikuwa wameshikilia ukuta. Nawe ukageuka polepole ukaniangalia. Mimi nikaangalia picha za watu wengine.

"Bibi," Athumani akasema, anajifuta macho, "umempa mwizi marahaba!"

"Nimempa. Na wewe nimekupa sasa hivi, tofauti iko wapi?"

Duka likalipuka tena, safari hii wakamcheka yeye. Lakini wewe hukucheka. Ulikuwa umeinamisha kichwa, na mimi nikaona ni heri ungenitukana.

Ndipo nikamuuliza Athumani, ili nipate pa kuweka macho, hilo jina sipamu limetoka wapi. Akasema ni jina la nyama ya kopo ya Wazungu. Nikamwambia nyama ya kopo naijua, babu yako alipikia kambi ya wajenzi wa barabara na kila mwisho wa mwezi alirudi na makopo ya ng'ombe, tukala kopo mpaka watoto wakiona kopo la rangi wanalia. Akasema, "Hasa! Umelipata, Bibi." Akaeleza. Kulikuwa na mchezo wa kuchekesha huko kwao, watu wameingia mgahawani, na kila chakula wanachotajiwa kina ile nyama. Hata asiyeitaka anatajiwa chenye nayo. Na kila mtu akitaka kusema neno, kuna kundi pembeni linaimba jina la nyama hiyo, linaimba, linaimba, mpaka hakuna anayemsikia mwenzake. Baadaye watu walipoanza kuongea kwa kompyuta, wakatokea wakorofi wanaomwaga neno lile lile moja mpaka wengine wanashindwa kuongea. Wakaukumbuka ule mchezo, wakasema hii nayo ni ile nyama. Jina likaganda.

"Nyama ya nini lakini?" nikauliza.

Akatabasamu. "Nguruwe, Bibi."

"Astaghfirullahi. Kumbe hata jina lake haramu."

Lakini somo, maelezo yale yaliniingia. Mimi nilidhani ubaya wa takataka ni uwongo wake. Kumbe ubaya wake mkubwa ni wingi. Uwongo mmoja unaukamata mkia. Kelele haina mkia. Haigombani na ukweli, inauimbia tu juu yake mpaka uonekane haupo.

Athumani akasema kompyuta yenyewe ina chujio, inachuja barua mbaya inazitia shimoni, lakini siku hizi za mafuriko hata nzuri huchujwa kimakosa, na baada ya muda shimo linajifuta. Akaanza kushuka nalo shimo lile, ukurasa kwa ukurasa. Mpendwa. Hongera. Haraka. Mpendwa. Yeye mwenyewe, mwenye macho ya kazi hiyo, alikuwa anapita tu. Mimi nilikuwa sioni kitu, miwani iko nyumbani. Ukasema kwa sauti ndogo:

"Rudi nyuma."

"Wapi?"

"Hapo. Hiyo."

Akaifungua. NDUGU MWOMBAJI. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, hakuna hata jina. Umechaguliwa, thibitisha kabla ya Ijumaa, usipothibitisha nafasi atapewa mwingine. Na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Athumani akakuuliza, "Umeijuaje, katikati ya zote hizi?"

Ukasema, "Hii haijaniita mpendwa."

Hapo ndipo nilipotoka nje. Ulidhani nimekwenda kununua miwa. Ni kweli nilirudi na miwa. Lakini nilisimama nyuma ya duka, vumbi limeniingia machoni, vumbi la Newala unalijua. Na sababu ya vumbi lile sijakwambia mpaka leo.

Nilipokuwa mke mpya hapa Mkunya, baba yangu akiishi Mnyambe, alikuwapo mtani wake, mzee wa Kimakua akiitwa Ausi. Mzee Ausi alikuwa kelele tupu. Kila akipita hapa anaanzia barabarani, "Mama Fatu, uko ndani unakula na baba yako amekufa! Leta kuku wa msiba!" Mara ya kwanza nililia kweli, akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo nikamzoea. Baba akafa kwenye mdomo wa Ausi wakati wa palizi, akafa wakati wa kuvuna, akafa siku ya Idi, na mimi namjibu, "Mzikeni, nakuja na chumvi." Huo ndio utani wetu, unachekesha kifo ili kisituzoee.

Siku moja akaja, hakuanzia barabarani. Akafika mpaka hapa, akasema, "Mama Fatu, baba yako ni mgonjwa. Twende." Nikacheka kama siku zote. Nikamwambia kuku wameisha, anywe uji aende. Akanywa. Akashukuru. Akainuka. Nikamwona analipita banda la kuku bila kugeuza shingo, na nikiwa na kata mkononi, nusu ya kucheka, nikatambua. Leo hakuomba kuku.

Niliitupa kata. Nilimpita Mzee Ausi njiani, nimemfunga mama yako kiunoni hata kanga haijakaa sawa. Nikamkuta baba yangu anapumua. Alinijua, akanishika kidole, akaniuliza kama mihogo imeota. Tukaongea mpaka alasiri. Akaondoka kesho yake, mkono wake mkononi mwangu. Na msibani Mzee Ausi alipiga kelele kuliko wote, akakimbia na sufuria, akajilaza kaburini akisema hatoki mpaka alipwe. Lakini nilipotaka kulia kilio changu cha kweli alinyamaza, akasimama mbali, akanilindia watu wasinisogelee. Mtani anajua mahali pa kunyamaza. Sipamu hajui. Mtani ukimuuliza wewe ni mjukuu wa nani, atakutajia mpaka kizazi cha saba. Sipamu ukimuuliza uji, anadai kitambulisho.

Basi uliposema haijakuita mpendwa, mimi nilimwona Mzee Ausi analipita banda la kuku. Miaka yote nilijiuliza kama jicho lile nimelirithisha mtu. Mama yako hana, Mungu amzidishie kheri huko kwa mumewe, yeye kila anayemwambia mpendwa anampa kiti. Wewe unalo. Hukufundishwa na mtu. Nimekusema sana kwa macho yako ya kusinzia, na siku ile nilinyamaza, lakini nimekaa na deni la kusema, sasa limesemwa.

Athumani akabonyeza kuthibitisha, jibu likarudi hapo hapo, akaitoa barua yako shimoni akaiandikia kwamba hii si takataka. Akakupa maelekezo yake, usijibu, usibonyeze, usitaje neno la siri, shimo lipekuliwe kila wiki kabla halijajifuta. Hayo unayajua kuliko mimi. Mimi nitaongeza langu moja na usinikatishe.

Usije ukanichukia shikamoo. Najua mlivyo vijana, mkiungua na uji mnapuliza maji. Utasema, bibi yangu aliponzwa na heshima, basi mimi mtu akiniamkia nitamtazama kwanza mifukoni. Hapana. Mwizi aliazima shikamoo kwa sababu shikamoo ni kitu kizuri, mwizi haazimi kitu kibovu. Anayesimama mbele yako ana macho na pumzi, mwitikie, hata kama nywele zake hazijachanwa. Ila ujue kwamba mwizi aliniita jina langu na chuo hakikujua hata jina lako, na chuo ndicho kilichosema kweli. Ukweli mara nyingi hauna adabu. Huja bila salamu, una haraka, umevaa vibaya. Nawe unakwenda kwenye kazi ya namna hiyo. Wodini atakuwepo anayekuita malaika kila ukipita, na atakuwepo anayekutukana mama yako. Na mwingine, aliyekuwa analalamika tangu asubuhi, ghafla hakuombi kitu. Huyo mwendee mbio, somo. Tupa kata, mwendee mbio.

Na mimi nimejifunza langu, kwa umri huu. Ningekwambia siku ile ile, "Zainabu, nimemjibu yule mjane," ungenicheka jioni moja, ukafunga mlango, yakaisha. Nikafagia. Uongo wangu haukuwa hata wa maneno, ulikuwa wa ufagio, na ulitaka kukunyang'anya maisha. Kwa hiyo ukikosea huko, na utakosea, umetoka kwetu, usifagie. Piga simu useme, "Bibi, nimempa mwizi marahaba." Nitakutukana vizuri, kisha tutatafuta nauli ya kwenda kwa Athumani.

Sasa jambo la mwisho, maana nasikia Mama Shaibu anakuambia geuza shingo, umekaribia kumaliza.

Utakuwa unaniandikia kwenye simu uliyoniachia. Nitajuaje ni wewe? Wezi wanaandika shikamoo vizuri kuliko nyie. Basi usianze na shikamoo. Anza na tusi letu, lile alilotuachia babu yako alipokuwa akisema ana wake wawili, mmoja mzee na mmoja hajaota meno. Andika, "We mke mwenzangu kibogoyo." Nikiona hivyo nitajua hakuna mwizi duniani angethubutu. Barua yoyote itakayokuja na adabu kutoka kwako, naitupa jalalani.

Lakini zile shikamoo zenyewe sijui nitazifanyaje. Tangu ujue kusema, kila asubuhi unapita mlangoni kwangu na macho yamefumba, unasema shikamoo Bibi kama mtu anayetema mbegu, na mimi naitikia kabla sijafikia kanga. Keshokutwa nitaitikia jogoo. Nimefikiria nikaona bora nikuitikie sasa, kabisa, za mbele zote. Ile ya asubuhi utakapoamka hujui uko wapi. Ile ya siku ya kuvaa sare. Ile ya siku ya mtihani, na ya siku utakapomfumba mtu macho kwa mara ya kwanza ukataka kurudi nyumbani. Hata zile utakazosahau, usiku umefanya kazi, umelala mpaka adhuhuri. Zote nimezisikia. Hakuna itakayobaki hewani.

Marahaba, somo. Marahaba. Marahaba.

Ni mimi, Zainabu wa kwanza,
Mkunya.